Viatu vya Ijumaa

Mwanangu Rayya,

Wewe na baba yako mmekwenda Nizwa kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua shangazi yako hamtarudi kabla hajawalisha mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nyumba imenyamaza, begi lako liko wazi sebuleni, na mimi nimekaa mezani na kalamu kama mwanafunzi aliyechelewesha insha. Dawa za malaria zimo kwenye mfuko wa pembeni. Sweta mbili nimezikunja chini kabisa, maana ungeziona ungezitoa, na milimani kwetu kuna baridi usiyoijua wewe uliyezaliwa huku Omani, hapa Ibra. Maagizo yangu yameishia hapo. Mtu wa miaka ishirini na mitatu, mhandisi wa maji mwenye mkataba wa miaka miwili, hafundishwi na mama yake kuosha matunda.

Ninalotaka kukuandikia ni jingine. Nimekuwa nikiliahirisha tangu siku ile ulipoingia jikoni unarukaruka, ukasema, "Mama, wamenipa Kenya! Kule kule kwenu!" Nikalia. Ulidhani ni furaha, na baba yako naye akadhani hivyo, akakimbia kuleta halwa. Mimi nililia kwa hofu.

Rayya, babu yako Eliya na mjomba wako Daudi hawakufa kwa ajali ya gari. Nilikudanganya. Waliuawa kwa mapanga, mchana kweupe, siku ya soko, kwenye geti la chemchemi iliyokuwa shambani kwetu. Waliowaua walikuwa majirani, watu waliokunywa chai nyumbani kwetu. Ulikuwa na miaka minne. Nilikuambia gari kwa sababu mtoto wa miaka minne huambiwa gari, halafu ukafika miaka kumi, ukafika kumi na sita, nami nikaendelea na gari langu lile lile.

Wiki ijayo kampuni yenu itakupeleka kupima njia za mabomba katika milima hiyo hiyo. Mtu atakuuliza sokoni wewe ni mtoto wa nani. Utamtajia jina langu, naye atakumwagia habari zote huku anakupimia viazi. Afadhali uzisikie kwangu, na uzisikie zote, maana iko sehemu ambayo hata huyo wa sokoni haijui. Baba yako haijui. Bibi yako Zuwena, Mungu amrehemu, alikufa bila kuijua, ingawa alinizunguka miaka mingi kama anayetafuta kitasa gizani.

Nilivyofika hapa umesimuliwa na bibi yako, tena kwa chumvi nyingi. Kwamba nilikuwa muuguzi mgeni hospitalini, kwamba baba yako aliletwa amevunjika mkono baada ya kuanguka mtendeni, kwamba alirudi kubadilisha bendeji hata mkono ulipokwisha kupona. Hayo ni kweli. Na ni kweli kwamba nilipomwambia mimi ni Myahudi hakuonekana hospitalini siku tatu, kisha akaja na wazee wawili na neno moja, kwamba Kitabu chake kinamruhusu kuoa katika watu wa Kitabu na mke akabaki na dini yake. Bibi yako hakupenda. Aliniambia usoni, "Mie sikukuchagua, Lea, lakini mwanangu kakuchagua, basi karibu ndani, vua viatu." Nikavua.

Kwetu tulikuwa familia chache za Wayahudi katika kijiji cha wakulima wa viazi. Sinagogi letu lilikuwa la mbao na mabati, na mvua ikinyesha hakuna aliyesikia sala isipokuwa Mungu mwenyewe. Baba ndiye aliyeongoza ibada. Daudi alikuwa mtoto wake pekee wa kiume, na mimi ndiye niliyemfuata. Chini ya shamba letu ilikuwapo chemchemi, na watu wa kijiji kizima, wa dini zote, walichota hapo tangu enzi za babu yake baba.

Ukaja mwaka wa ukame. Watu wakaanza kuja na mikokoteni na mapipa, wengine wakachota kwenda kuuza mjini. Chemchemi ikageuka tope. Baba akanipigia simu, si kwa kuomba chochote, ila kulalamika kidogo kama wazee wanavyopenda. Na mimi, Rayya, niliyekuwa nimekaa Ibra miaka saba na kujiona nimeelimika, nikampa ushauri.

Nikamwambia, "Baba, huku wana mfereji wa falaji, una mamia ya miaka, na hawapigani. Kila mtu ana zamu yake ya maji, inajulikana kwa saa na dakika, na hakuna anayegusa ya mwenzake. Maji ni haki yenye mwenyewe. Weka geti. Weka kufuli."

Akaniuliza, "Mtu akija ana kiu, nimwambie arudi kesho?"

"Mwambie aje kwa zamu yake."

Alisita. Nilimpigia tena kesho yake, na kesho kutwa. Nilimpata Daudi, nikamtia moto, kwa sababu Daudi alikuwa kijana na alipenda mambo yenye utaratibu. Wakajenga geti. Kufuli lilikaa siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu baba mdogo Yakobo alinipigia. Ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu ya asubuhi, wewe ulikuwa unacheza na mifuniko ya sufuria. Alisema, "Lea, kaa chini." Nikakaa chini, sakafuni, palepale penye busati la kijani, na kwa namna fulani sijainuka hadi leo.

Nikueleze desturi yetu, maana umeiishi bila kuielewa. Kwetu aliyefiwa na baba au ndugu hukaa matanga siku saba. Hurarua ukosi wa nguo yake. Hukaa chini, si juu ya kiti. Hatii viatu vya ngozi mguuni. Vioo vya nyumba hufunikwa, ili mtu asishughulike na sura yake. Hapiki, chakula chake cha kwanza lazima kitoke mikononi mwa jirani, na mara nyingi huwa mayai ya kuchemsha. Jirani huingia bila kubisha, hukaa, hasemi kitu mpaka mfiwa aseme. Na siku ya saba mtu huja akamwambia mfiwa, "Simama." Mfiwa husimama, huvaa viatu, hutoka nje na wenzake, huzunguka mtaa mara moja, hurudi, na maisha huanza tena hata kama hayataki.

Lakini iko sala ya waliofiwa, ambayo mtoto humsomea mzazi wake. Sala hiyo haisomwi na mtu mmoja. Inataka watu wazima kumi, na kwetu kumi hao ni wanaume. Nihesabie Wayahudi wa Ibra. Ongeza Sur, ongeza Nizwa, panda na Jabali la Kijani lote na mawaridi yake. Nilikuwa mmoja, tena mwanamke. Na huko nyumbani, baba na Daudi walipozikwa, familia nne zilikimbia usiku ule ule. Wanaume waliobaki walikuwa saba. Baba yangu, aliyewasomea wafu wa wengine miaka arubaini, hakupata wa kumsomea yeye. Hicho ndicho kilichonifunga zaidi ya msiba wenyewe. Nilijiona nimefungiwa kwenye chumba ambacho mlango wake unataka watu kumi kuufungua, na kumi hao mimi ndiye niliyewatawanya.

Nilifunika vioo kwa kanga za bibi yako bila kumwomba. Hakugomba. Alasiri ile alikuja na sinia, akaingia bila kubisha hodi, akakaa sakafuni karibu nami na magoti yake mabovu yale, akanyamaza. Kwenye sinia kulikuwa na mkate na mayai manne ya kuchemsha. Wallahi sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mayai. Mwanamke wa Unguja aliyezeekea Ibra alifanya kila kitu kama ilivyoandikwa kwetu, kwa sababu ndivyo alivyozoea kumfanyia aliyefiwa.

Nami nikamfukuza. Nilimwambia, "Bi Zuwena, tafadhali niache peke yangu." Alisema tu, "Kula japo yai moja, mwanangu, kisha nnaondoka." Sikula. Nilifunga mlango nyuma yake kwa ufunguo. Ulidumu kufungwa kwa ufunguo mlango ule, na watu wa mtaani walidhani ni kiburi cha dini nyingine, wakaniacha. Haikuwa kiburi. Niliamini faraja ni ya watu wasio na hatia, na kwamba wakijua habari ya kufuli, kila aliyeniletea yai angelirudisha kwao.

Baba yako alijua waliuawa, na alijua ugomvi ulikuwa wa maji. Alifanya alichoweza. Alitaka tusafiri wote. Alikata tiketi mara mbili, na mara zote mbili niliugua, homa ya kweli, ya kupimwa kwa kipimajoto. Mara ya tatu alisema, "Khalas, Lea. Utakapokuwa tayari." Hajaniuliza tena. Wanaume wengine wangeuliza, na wakati mwingine nilitamani awe kama wao.

Miezi mitano baada ya msiba nilikupeleka kutembea kule juu, pale falaji inapochomoza kutoka chini ya ardhi. Nilimkuta mfanyakazi mmoja wa Kibangali amechuchumaa, anajaza dumu lake taratibu, anaosha uso, anakunywa. Hakuna aliyemwambia kitu. Mzee mmoja wa mtaani alimpita akamsalimia. Jioni nikamuuliza baba yako yule mtu ana zamu gani. Akacheka. "Zamu gani? Pale mwanzo maji ya kunywa ni ya kila mtu, min zamaan, tangu zamani. Mgeni, mpita njia, yeyote. Zamu zinaanza huku chini, kwenye mitende."

Miaka saba nilipita pale, Rayya. Nilisifu zamu, nilisifu saa na dakika, nikampelekea baba yangu nusu ya desturi ya watu na kumwambia ndiyo nzima. Nilimfundisha kufunga, na hapa hapa, hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu, palikuwa na mahali pa wazi ambapo kufuli halijawahi kuwekwa. Baba alikuwa na akili kunishinda. Aliniuliza lile swali la mtu mwenye kiu, nami nikalijibu.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeijua. Sasa wewe unaijua.

Siku saba zilipokwisha hakuna aliyekuja kuniambia nisimame, maana hapa hakuna aliyeijua desturi hiyo. Ningeweza kusimama mwenyewe, sheria haikatazi. Lakini nikajitungia yangu, kwamba mpaka niambiwe. Kanga zikabaki kwenye vioo. Ukakua katika nyumba isiyo na vioo. Nywele ulikwenda kusukwa kwa bibi yako, na siku moja ukarudi mbio ukaniuliza, "Mama, kwa nini kioo yetu imevaa buibui?" Nilikukemea. Ulikuwa na miaka sita, na nilikukemea kwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika nyumba hii. Naomba unisamehe kwa hilo peke yake, kando ya mengine.

Utauliza nilikaaje bila kuwehuka. Nilikaa kwa sababu ya Ijumaa.

Sheria yetu inasema hata katikati ya matanga Sabato ikiingia, msiba wa hadharani unasimama. Mfiwa huinuka sakafuni. Huvua ile nguo iliyoraruka. Huvaa viatu, hukaa kwenye kiti mezani kama watu, huwasha mishumaa. Haulizwi kama ana nguvu. Sabato haikuniuliza kama nimejisamehe, wala haikujua habari za kufuli. Jua la Ijumaa lilishuka nyuma ya minara ile ya ulinzi kwenye vilima vyetu, nami nikainuka. Ijumaa ya kwanza niliinuka kwa hasira. Niliwasha mishumaa miwili huku nikimtukana Mungu kwa Kikikuyu, lugha aliyoisikia vizuri kwa baba yangu. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Ya arubaini niligundua ninangojea Ijumaa tangu Jumanne.

Sasa unajua ni kwa nini nilivaa viatu vile vya kahawia ndani ya nyumba kila Ijumaa jioni, katika nyumba ambayo hata mkaguzi wa umeme huvua mlangoni. Bibi yako alikasirika vibaya. "Viatu juu ya busati, jamani! Unakwenda wapi, sokoni?" Mimi niliwasha mishumaa. Baadaye alianza kuvipangusa mwenyewe kila Ijumaa mchana, akaviweka karibu na meza vikiwa safi, huku ananung'unika.

Vioo alivifunua yeye. Ilikuwa asubuhi ya sikukuu, una miaka kumi, gauni lako la rangi ya ndimu. Aliingia kwangu kukutengeneza nywele, akatafuta kioo, akaishia kwenye kanga yake mwenyewe, imefifia mpaka maandishi yamefutika. Akageuka.

"Lea, hivi vioo vyako eda yao haishi? Hata mjane eda yake ina mwisho."

Sijui ni kwa nini siku hiyo nilimjibu. Nilimweleza desturi yote, siku saba, sakafu, mayai, mtu wa kuja kusema simama. Alisikiliza kichana kikiwa mkononi.

"Siku saba," akasema. "Na wewe umekaa miaka sita? Dini yako mwenyewe umeizidi! Mola wenu kasema saba, wewe umemwongezea za kwako?"

Akacheka, akalia, akaivuta kanga ya kwanza chini. Wewe ukaenda ukasimama mbele ya kile kioo kirefu na kujitazama miguu mpaka kichwani kana kwamba umetambulishwa kwa mtu. Halafu bibi yako akanishika mkono. "Haya. Kama ni neno tu linalotakiwa, mie nalisema. Simama, mwanangu, twende nje." Nikasimama. Nikaenda naye mpaka mlangoni. Niliona barabara, nikaona njia ya kuendea kwenye falaji, nikarudi ndani. Hakunivuta. Nadhani alijua kuna kitu, na alikuwa na adabu ya kungoja. Alingoja mpaka akafa, nami sikusema, na hilo nalo liko juu yangu.

Mwaka huo huo, siku ya kumbukumbu ya baba, simu ililia. Baba mdogo Yakobo, sauti juu kama kawaida yake, anaamini Omani ni mbali kwa hiyo lazima apige kelele.

"Lea! Tumefika kumi!"

Familia mbili zilikuwa zimerudi. Bado walipungua mmoja, na huyo mmoja alikuwa Shemu, fundi wa baiskeli aliyehamia Nakuru. Alifunga kibanda chake akapanda basi asubuhi na mapema kwa ajili ya sala ya dakika mbili. Tangu hapo huja kila mwaka. Yakobo aliiweka simu juu ya meza, mbele, pale alipokuwa akisimama baba. "Wewe itikia tu," akaniambia. "Itikia kwa sauti."

Wakasoma. Nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wetu huu, simu juu ya sinia la kahawa, na niliwasikia wanaume kumi wa milimani wakisoma sala ya baba yangu katika mabati yale yale. Ilipofika mahali pa kuitikia nilichelewa. Nikasikia nyuma yangu, kwenye ujia, mtu ameitikia, "Amin." Alikuwa bibi yako na kikapu cha nguo. Hakujua maneno, lakini alijua mahali pa amina ni wapi. Nami nikaitikia.

Baadaye aliniuliza sala hiyo inasemaje juu ya maiti. Nikamfasiria. Ndipo nilipoisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza, mimi niliyeijua tangu utotoni, kwamba haimtaji maiti hata mara moja. Haisemi kifo, haisemi kaburi. Inamtukuza Mungu na kuomba amani, mwanzo hadi mwisho. Bibi yako akasema, "Kumbe ni kusabihi tu." Akaendelea kukunja nguo.

Mwanangu, miaka yote ile nilidhani ile hesabu ya kumi ni kufuli. Nilidhani dini yangu imenifungia nje kwa sababu niko peke yangu. Siku hiyo niliona kwamba hao wazee wa zamani waliotunga sheria walimjua mtu kama mimi. Walijua atataka kujifungia na kifo chake na kukaa nacho kama mali, wakamwambia hapana, hutasema neno mpaka umetafuta wenzako, na wao watatoka makwao hata kwa basi. Tangu hapo ninaamini nitatoka katika matanga haya. Sijatoka, lakini ninaamini, na kuamini huko kumenitosha kuamka, kwenda kazini, kuwachoma watu sindano bila kuwatonesha.

Wewe ni Mwislamu, umelelewa na baba yako na bibi yako, na walikulea vizuri. Huko watakuambia kwamba kwa sheria ya Wayahudi mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi. Usibishane nao, hasa Babu Yakobo, maana atakuchinjia kuku ili ashinde hoja. Mwamkie shikamoo, kula kuku. Mambo ya moyo wako ni yako na Mola wako, na mimi sikuwekei mzigo huo.

Mmoja wa wale waliowaua baba na Daudi alimaliza kifungo chake na anaishi palepale kijijini. Yakobo aliniambia huchota maji kama wengine. Geti lilikwisha ng'olewa, sijui na nani. Utakutana naye. Sijui nikufundishe nini juu yake, kwa hiyo sikufundishi. Mimi nimemchukia kwa nguvu zangu zote na hakuzeeka hata siku moja zaidi kwa sababu hiyo. Ila utakapochora mabomba yenu, na mita zenu, na zamu zenu, tafadhali acha bomba moja pale mwanzo lisilo na kufuli. Wakubwa zako wakiuliza ni la nini, waambie ndivyo mlivyo kwenu Ibra.

Katika soksi nyeusi, ndani ya begi, kuna kokoto mbili. Si uchafu, usizitupe. Kwetu hatuweki maua makaburini, tunaweka jiwe, kuonyesha mtu alifika. Nimeziokota pale falaji inapochomoza. Moja kwa babu yako, moja kwa mjomba wako. Ya tatu iko hapa dirishani, hiyo ni yangu, na hiyo sikupi, kwa sababu ukiibeba nitapata kisingizio. Habari ya kufuli usimwambie Yakobo. Si siri tena, lakini ni yangu kuisema, nikiwa nimesimama mbele yake, na yeye aniangalie.

Sijakata tiketi. Nimekudanganya vya kutosha, sitaki kukuahidi kitu katika barua. Leo usiku nitamwambia baba yako yote niliyokuandikia hapa. Ninaogopa sana uso wake.

Ninakuomba jambo moja, na ndiyo maana barua hii nitaiweka juu ya mto wako uisome usiku huu. Kesho asubuhi, gari likiwa linapakiwa na baba yako anapiga kelele "yalla, yalla" kama kawaida, njoo chumbani kwangu. Usiniage. Usiniambie kwaheri wala usinibusu kwanza. Utanikuta nimekaa chini, pale kwenye busati la kijani. Niambie, "Mama, simama." Halafu unishike mkono, kwa sababu mlangoni nitataka kurudi, na wewe una nguvu kuliko bibi yako. Tuzunguke mtaa mara moja tu, tupite pale maji yanapochomoza, nichote kwa kiganja ninywe, kisha wewe uende zako.

Kesho ni Jumatano. Utanikuta nimevaa viatu.

Mama yako,
Lea